Nasaba Katika Karatasi: Butiama na Ikizu

Mtu atafutaye wazee wake katika vitabu vya kale hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyeshika kalamu. Watu wa Ayalandi walijua jambo hili kwa uchungu. Mwezi wa Juni 1922, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya hati za serikali mjini Dublin iliungua, na sehemu kubwa ya hesabu za watu za karne ya 19 ikapotea. Tangu hapo wajukuu wao, wengi wakiwa Marekani, huunga nasaba zao kwa vitabu vya ubatizo, orodha za wakodi wa ardhi na barua zilizovuka bahari. Mwezi wa Aprili wa mwaka ule ule, huko Butiama, alizaliwa mtoto ambaye hakuwa na hati ya kuungua.

Mtoto huyo kwanza aliitwa Mugendi, yaani mtembezi. Kisha, kwa shauri la mganga, akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alizaliwa karibu na mwaka 1860 wakati viwavi walipoivamia nchi, na jina Nyerere kwa Kizanaki lawataja viwavi hao. Alipobatizwa tarehe 23 Desemba 1943, kijana akaongezewa jina la Julius. Basi katika jina la mtu mmoja zimo kumbukumbu tatu: ya mvua, ya wadudu na ya kitabu cha padri. Iliyo na tarehe ni moja tu, nasi twaiamini hiyo peke yake. Kosa hili naliona kuwa ni letu sisi wasomaji; historia haina hatia. Thomas Molony, katika kitabu chake *Nyerere: The Early Years* (2014), aliliepuka kwa kadiri kubwa, maana hakuridhika na faili bila ya kuwasikiliza watu wa Butiama.

Lakini kazi inayonishughulisha zaidi ni ile ya Jan Bender Shetler, *Telling Our Own Stories* (2003), iliyokusanya historia walizoziandika wenyeji wa Mara Kusini. Sifa yake kubwa ni kumkubali mzee wa kijijini kuwa mwandishi kamili, wala si shahidi wa kuulizwa tu. Watu wa Ikizu, upande wa Bunda, husimulia habari za Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi katika Usukuma akiwa na siri ya mvua, akakutana na Isamongo, mwindaji mwenye moto. Na utemi ukawa wa mwanamke. Hapa mwanzo wa utawala ni mama, na msomaji aliyezoea shajara za pwani hushtuka.

Kushtuka huko kwatufundisha jambo juu ya lugha yetu. Neno "nasaba" lilitufikia pamoja na "bin" yake. Humfunga mwana kwa baba, na baba kwa babu, kama shanga katika uzi. Mzee wa Bunda aandikapo kwa Kiswahili hukikuta chombo hicho tayari mkononi, na asipojihadhari lugha humchagulia wazee wake. Hata vitabu vya ubatizo vya Ayalandi, kwa kawaida, humtaja mama kwa jina la ukoo wake mwenyewe. Sisi tulio na Nyakinywa twawezaje kuandika kurasa zisizo na mama?

Tazama tena Butiama. Husemwa kwamba Mtemi Burito alioa wake 22. Mugaya wa Nyang'ombe, mke wa tano, twamjua sote, kwa kuwa alimzaa rais. Wale 21 wamebaki katika tarakimu, na waandishi wa maisha ya Mwalimu huipita tarakimu hiyo kana kwamba ni hesabu ya ng'ombe.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Bunda, aliniletea nasaba yake: baba tisa, kwa hati safi. Nikamwuliza jina la mama wa mama yake. Akatoka nje kumpigia simu bibi yake, akakawia. Aliporudi alikuwa na majina matano ya wanawake na habari za njaa iliyowahamisha. Na kwa habari hizo ikambidi amwondoe baba wa sita mahali alipomweka.