Vidole Vilivyokataa Kuachia Kioo

Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Mchora katuni anaweza kuchora zote 24, au akachora 12 tu na kuiacha kila moja isimame kwa fremu mbili. Watazamaji wengi hupima ubora wa katuni kwa ulaini: mwendo ukiteleza kama maji, basi kazi ni nzuri, ukishtukashtuka, basi fedha ziliisha.

Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018 inabishana na kipimo hicho. Msituni, Miles Morales anapojifunza kubembea kwa utando, mwili wake unakwenda kwa picha 12. Pembeni yake, Peter B. Parker, mkongwe wa kazi hiyo, anakwenda kwa 24. Hakuna mtazamaji anayehesabu, lakini kila mmoja anahisi kwamba kijana huyu bado hajaumudu mwili wake. Kadiri anavyoelewa, ndivyo mwendo wake unavyolainika.

Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wakongwe wa Disney, waliziandika kanuni 12 za katuni katika kitabu cha The Illusion of Life mwaka 1981. Tangu hapo wanafunzi wengi huzipokea kama orodha ya kutimiza: minya mwili na kuunyoosha, onyesha maandalizi kabla ya tendo, panga muda. Lakini kanuni ya muda haihusu kasi peke yake. Idadi ya picha ndiyo inayotuambia kitu kina uzito gani, na anayetenda ana uhakika kiasi gani.

Ndivyo ilivyo pia kwa kanuni ya maandalizi. Kwa kawaida mhusika huchuchumaa kidogo kabla ya kuruka, ili jicho letu lijue kinachokuja. Miles anapojirusha kutoka juu ya jengo, vidole vyake bado vimenata kwenye kioo. Kinavunjika na vipande vinaondoka naye. Mwili umekubali, vidole vimekataa. Hofu yote ya tukio lile imo katika vipande hivyo, bila neno hata moja.

Filamu hii inayumba mwishoni. Katika pambano la mwisho rangi, majengo na treni vinajazana hadi jicho linakosa pa kutua. Kanuni ya kupanga tukio ili lisomeke inavunjwa, na safari hii hatupati chochote badala yake. Miles anapotea katika msongamano, wakati uleule tuliosubiri kumwona amekamilika.

Hata hivyo, somo la msituni linabaki kwa yeyote anayechora leo kwenye kompyuta yake ndogo. Kabla ya kuuliza kama mwendo ni laini, aulize kwanza ni wa nani, na mtu huyo anaogopa nini.