Gitaa kavu si gitaa la njaa: tumsikilize Kékélé tukiwa Baraka

Mimi licence yangu ni ya agronomia, si ya muziki, kwa hiyo anayetaka kunipinga anipinge bila haya. Lakini hili jambo limegawa kundi letu la vijana hapa Baraka, na nimeona afazali niliandike kuliko kuendelea kulibishania chini ya muembe kila jioni.

Tuko watu saba. Tunapigaga rumba, nyimbo za kanisa, na kidogo ile roki tuliyoizoea tukiwa chuo. Karibu mwaka muzima tumekuwa tunaweka pesa katika kisanduku, huyu dola tano, yule dola mbili, na sasa kuko dola 310. Swali ni moja tu: tununue gurupe ndogo na bafle za okazioni, ama tupande gari mpaka Uvira, tulipe studio, turekodi nyimbo sita kwa gitaa kavu? Watatu wanataka gurupe. Watatu wanataka studio. Mimi ndiye wa saba.

Kilichotufikisha hapo ni harusi moja. Tulikodi gurupe ya watu, tukafunga bafle, tukaanza vizuri. Wimbo wa tatu gurupe ikazimika, na haikuwaka tena. Watu walitungojea kama dakika kumi, kisha mama mmoja akasema kwa sauti: "Basi, mafuta imeisha, na muziki imeisha." Tulikuwa na gitaa kavu moja pale pembeni. Hakuna aliyeigusa. Si kwamba tuliogopa. Tulikuwa tumetengeneza nyimbo zetu zote juu ya kelele ya bafle. Tulipoondolewa bafle, hatukuwa hata na sauti ya pili iliyosimama sawasawa. Hiyo ndiyo iliniuma, zaidi ya pesa tuliyorudisha.

Wiki ileile mjomba wangu alinipa flash yenye muziki wa wazee, na ndani yake nikakuta albamu ya Kékélé inayoitwa Rumba Congo, ya mwaka 2001. Nimeisikiliza sasa miezi miwili, kwa simu, usiku, wakati taa za wavuvi ziko ziwani. Nataka kusema inafanya nini, na wapi inanikwaza.

Kwanza tujue hawa ni nani. Kékélé ilizaliwa mwaka 2000, na waliokuwa ndani hawakuwa watoto. Papa Noël, mpiga gitaa, na Wuta Mayi, mwimbaji, wote walipitia OK Jazz ya Franco. Nyboma aliimba Bella Bella, Lipua Lipua na Kamale. Loko Massengo alikuwa mmoja wa wale watatu wa Trio Madjesi. Syran Mbenza alipiga solo katika Les Quatre Étoiles kule Paris, pamoja na Nyboma na Wuta Mayi haohao, na Bopol Mansiamina. Kuko Bumba Massa na Jean-Papy Ramazani vilevile. Yaani ni watu waliokula umeme maisha yao yote. Miaka ya 1980 kule Paris soukous ilikuwa inakimbia: gitaa kali, ngoma ya mashine, sebene toka mwanzo mpaka mwisho. Hawa walikuwa katikati ya ile mbio. Halafu, wakiwa watu wazima, wakaweka gitaa za umeme pembeni wakachukua gitaa kavu.

Jina lenyewe linanifurahisha mimi mtu wa mashamba. Kékélé ni mmea wa msituni unaotambaa, ambao nyuzi zake zikisokotwa zinatoa kamba ngumu. Uzi mmoja unakatika. Ukisokota nyingi, unafunga nazo mzigo.

Na albamu yenyewe imejengwa hivyo. Sikiliza gitaa: hakuna moja inayopanda juu ya zingine kusema "nitazameni". Moja inashika mwendo, nyingine inajibu, ya tatu inapita kati yao kama mtu anayejua njia za mtaa. Waimbaji wanafanya vilevile. Nyboma ana sauti ya juu ambayo angeweza kuitumia kuwafunika wengine, lakini anaishusha, anawangojea. Kodiani, ile wengine wanaitaga akordeo, inaingia taratibu na kuturudisha kwa Camille Feruzi, aliyejulikana kwa chombo hicho toka zamani za wakoloni. Hawakimbilii sebene. Wanaacha maneno yamalizike. Ukiwa umezoea muziki wa harusi zetu, mara ya kwanza utasema hii iko polepole mno. Mara ya tano unaanza kusikia kwamba kumbe kila mtu pale anafanya kazi, juu hakuna mahali pa kujificha.

Hapo ndipo nilielewa harusi yetu. Umeme unasaidia, sikatai, lakini umeme unafichaga pia. Mpiga solo wetu akikosa noti, bafle inaimeza. Mimi nikiimba chini kidogo ya sauti, mwangwi wa mashine unanipandisha. Katika shamba kuko jambo linalofanana na hilo: mbegu dhaifu ukiimwagia mbolea nyingi inaweza kuonekana nzuri msimu mmoja. Siku mbolea inakosekana ndipo unajua ulipanda nini.

Sasa, sipendi uchambuzi wa kusifu tu. Nina malalamiko mawili.

La kwanza: albamu ni safi kupita kiasi. Kila kitu kimekaa mahali pake, hakuna jasho. Unasikia watu wanaoikumbuka Kinshasa ya ujana wao kwa upendo, lakini Kinshasa ya mwaka 2001, nchi ikiwa katika vita, iko mbali. Sisi wa Fizi ile miaka tunaijua kwa jina lingine: ndiyo miaka wazazi wetu walivuka ziwa kwenda Kigoma, na wengi wetu tukaanza kusoma ndani ya kambi. Siwadai wazee wale waimbe vita. Lakini nikisikiliza nyimbo nyingi mfululizo, huu utamu unanikinaisha, na ninatamani angalau sauti moja iliyokwaruzika.

La pili ni la soko. Ulaya wakati ule walikuwa wanapenda muziki wa Afrika usiokuwa na umeme. Wazee wa Cuba walikuwa wametoka kuuza vizuri sana na Buena Vista Social Club ya mwaka 1997. Sam Mangwana alikuwa ametoa Galo Negro mwaka 1998, kwa njia hiyohiyo ya utulivu. Na mwaka 2006 Kékélé wenyewe walitoa Kinavana, wakichukua nyimbo za Mkuba Guillermo Portabales na kuzifanya za Kikongo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba gitaa kavu ni usafi wa roho tu. Ilikuwa biashara pia. Kuko mnunuzi kule anayependa Mwafrika akae chini ya mti na gitaa ya mbao, asishike mashine.

Hapo ndipo mpiga ngoma wetu alinikamata. Nilipomsikilizisha Rumba Congo alisikiliza mpaka mwisho, akatoa sikilizo, akaniambia: "Kaka, hawa walikuwa na umeme wakauacha. Sisi hatujakuwa nao hata siku moja. Kwao kavu ni kuchagua. Kwetu kavu ni njaa." Nililala na hilo neno. Ni kweli, na mtu anayeandika kuhusu muziki bila moto akiwa mahali penye moto saa zote anapaswa kulisikia.

Lakini nimelitafutia jibu, na nimepata mawili.

Jibu la kwanza liko kwa wale watu wa roki. Tuliosoma chuo tunaijua albamu ya Nirvana, MTV Unplugged in New York. Ilirekodiwa tarehe 18 Novemba 1993, ikatoka Novemba 1994, Kurt Cobain akiwa ameshakufa toka Aprili. Watu wanaisifu kama albamu ya "bila umeme", lakini gitaa ya Cobain yenyewe ilipitishwa katika amplifaya, na studio nzima ilikuwa ya televisheni. Kilichoifanya kubwa ni uchaguzi wa nyimbo. Hawakupiga ule wimbo wao mkubwa uliowafanya wajulikane dunia nzima. Katika nyimbo 14, sita zilikuwa za watu wengine. Walitoa kelele, wakabaki na kitu ambacho bado kilikuwa wimbo. Kwa hiyo swali la kweli si kama waya uko ama hauko. Swali ni: ukiondoa kelele, kunabaki nini? Hilo swali halimuulizi mtu kama ana gurupe.

Jibu la pili liko karibu zaidi, na ni la Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi. Mwenda alikuwa kijana wa miaka kama 22, mdogo kuliko wengi wetu hapa. Gitaa moja kavu, sauti moja. "Masanga" ikatoka pale, ikavuka mipaka, na mpaka leo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanakaa chini kujifunza vidole vyake. Yule hakuacha umeme ili apendeze soko. Alikuwa na kile alichokuwa nacho, akakifanya kitoshe, na zaidi ya kutosha: ukimsikiliza unadhani wako watu wawili. Basi kwake kavu haikuwa mchezo wa wazee wa Paris, na haikuwa njaa vilevile. Ilikuwa kazi.

Hapo ndipo ninamuweka Kékélé. Mwenda ananigusa zaidi, juu anaanza na kidogo na kukipanua, wakati wao wanaanza na kingi na kukipunguza. Lakini kuna jambo ambalo Mwenda peke yake hawezi kutufundisha na Kékélé wanaweza: namna ya watu saba kukaa pamoja bila bafle na bila mmoja kummeza mwingine. Sisi tuko saba. Hilo somo ni letu.

Basi kura yangu? Nilisema mbele ya wote: tusinunue gurupe kwanza, na studio ya Uvira tusiende kwanza. Wote sita walinikasirikia, nafikiri ndiyo mara ya kwanza walikubaliana. Nilichoomba ni miezi mitatu ya mazoezi kavu, bila hata kipaza sauti, kila wimbo upigwe mpaka usimame wenyewe. Wimbo ukikataa kusimama, tuutupe ama tuutengeneze upya. Kisha ndipo tufungue kisanduku. Kama tutanunua gurupe, iwe ya kuwafikishia sauti watu wa nyuma, si ya kutuficha.

Tumeshafanya wiki tano. Katika nyimbo 11 tulizokuwa nazo, nne zimesimama. Tatu zimekufa kabisa, mbili kati yake nilizitunga mimi. Mpiga ngoma bado anasema kavu ni njaa, lakini sasa anapiga kwa mikono juu ya kisanduku cha mbao na anafika mazoezini kabla yangu. Juzi yule mama wa harusi alipita njiani tukiwa tunapiga. Alisimama, akasikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, akauliza: "Gurupe iko wapi?" Tukamwambia hakuna. Akasema, "Aah," akaendelea na safari yake ya sokoni.

Dola 310 bado ziko katika kisanduku.