Dhima, Jukumu na Mtu wa Tatu

Mchezo wa kurusha ndege ndogo za kuigiza, zinazoongozwa kwa redio na mtu aliye chini, hauna wafuasi wengi kwetu. Hata hivyo sheria za Ulaya zinazouhusu ni kipimo kizuri cha istilahi zetu, maana zinatulazimisha kutenganisha mambo ambayo wafasiri wamezoea kuyatia katika chungu kimoja. Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, mchanganyiko huo waweza kumkosesha mtu fidia yake.

Neno linalotusumbua zaidi ni jukumu. Tukiandika kwamba "mrushaji ana jukumu la majeraha", msomaji hajui kama mrushaji anatakiwa kuyazuia, kuyatibu, au kuyalipia. Mrushaji ana wajibu wa kuangalia asimdhuru mtu. Madhara yakitokea, huenda akawa na dhima ya kulipa. Wajibu hutangulia ajali, dhima huifuata. Walimu wa fasihi watatukumbusha kwamba wao hutumia dhima kwa maana ya kazi ya fasihi katika jamii. Na waendelee, kwani muktadha hautaruhusu maana hizo mbili zigongane.

Tena dhima si hatia. Katika madai ya uzembe huko Uingereza, hasa tangu kesi ya Donoghue na Stevenson ya mwaka 1932, mdai hana budi kuthibitisha kwamba wajibu ulikuwapo, ukavunjwa, akadhurika kwa sababu hiyo. Ujerumani, mwenye chombo cha angani, hata kikiwa cha kuigiza, humlipa aliyejeruhiwa bila ya kuthibitishwa kosa lolote. Mfasiri akiandika kwamba mtu huyo "ana hatia" amemtwisha jinai isiyokuwapo.

Kanuni namba 785 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya ina mtego mwingine. Kanuni hiyo haizihusu ndege za kuigiza zenye uzito wa chini ya kilo 20. Kusema kwamba wenye ndege hizo "wamesamehewa dhima" ni kupotosha: kilichoondolewa ni sharti la bima lililomo katika kanuni hiyo tu. Ujerumani, kwa sheria yake yenyewe, hulazimisha bima hata kwa zilizo ndogo.

Lipo pia suala la mtu wa tatu, ambaye wenye magari wanamfahamu. Wa kwanza ni mkata bima, wa pili ni kampuni, wa tatu ni aliyedhurika. Lakini msomaji mgeni huhesabu watu walio uwanjani! Yawezekana kupendekeza mtu baki, neno tamu na la asili. Ila baki ni asiye na uhusiano nawe, ilhali msaidizi aliyekatwa vidole na rafadha huenda ni mwanachama mwenzako. Kama yeye ni mtu wa tatu au siye, mkataba ndio unaoamua. Kwa hiyo twaona heri kubaki na mtu wa tatu, mradi kifungu cha kwanza cha mkataba kieleze waziwazi kwamba wanachama wenzake mkata bima wamo au hawamo.