Walivyochagua Linux ya Kufanyia Sayansi

Mwaka 2003 kampuni ya Red Hat iliamua kuachana na Linux yake ya bure na kubaki na toleo la kulipia. Uamuzi huo uliwagusa moja kwa moja wanafizikia wa CERN, Uswisi, na wa Fermilab, Marekani, ambao kompyuta zao za utafiti ziliendeshwa na mifumo iliyojengwa juu ya Linux hiyo.

Kilichowaokoa ni leseni huria. Toleo hilo la kulipia liliuzwa, lakini msimbo wake ulikuwa wazi. Maabara hizo mbili ziliuchukua, zikaondoa nembo za kampuni, zikauunda upya, na mwaka 2004 zikatoa Scientific Linux, bure kwa yeyote.

Kwa nini hawakuchagua mfumo unaobadilika kila baada ya miezi michache? Kwa sababu programu ya hisabati haipigi hesabu peke yake. Vipeuo na logariti hutoka kwenye maktaba za mfumo, na programu yenyewe huundwa kwa kompaila. Ukibadilisha kimojawapo, tarakimu za mwisho za jibu zinaweza kuhama. Katika uigaji wenye hatua nyingi mno, tofauti hiyo huweza kukua, na mtafiti akashindwa kujua kama ameona jambo jipya la fizikia au athari ya sasisho. Isitoshe, data za Large Hadron Collider, mashine ya CERN ya kugonganisha chembe, huchambuliwa katika vituo takriban 170, kwenye nchi zaidi ya 40, na programu ile ile lazima ifanye kazi kote. Walitaka mfumo wa kudumu miaka kumi hivi, unaozibwa mianya ya usalama huku misingi yake ikibaki ilivyo.

Uchaguzi huo ulijaribiwa tena. Mwaka 2019 Fermilab ilitangaza kuwa haitatoa Scientific Linux 8 bali itatumia CentOS, Linux nyingine ya bure iliyojengwa kwa msimbo wa Red Hat, ambayo CERN ilikwishahamia. Desemba 2020 Red Hat ikasema CentOS Linux 8 itakoma mwisho wa 2021, si 2029 kama ilivyotarajiwa. Desemba 2022 maabara zote mbili zikapendekeza AlmaLinux, inayosimamiwa na taasisi isiyo ya faida na kuoana na ile ya Red Hat. Kuoana huko kulipunguza haja ya kuandika upya programu zao.

Kwa hiyo, anayetafuta mfumo wa kuendeshea programu za hisabati na takwimu kama R, Octave au SageMath asiishie kwenye bei. Aulize nani anautunza, hadi mwaka gani, na mtunzaji akijitoa, nani ana haki na uwezo wa kuuendeleza.