Sifa za Fundi wa Picha Zilizopotea

Miongoni mwa kazi zilizozaliwa katika zama zetu, ambazo bado hazijapata heshima barazani mithili ya useremala au uhunzi, naiona moja istahiliyo sifa kuliko umaarufu wake: nayo ni kazi ya fundi kompyuta wa Chikongola, hapa Mtwara mjini, ambaye hupokea kutoka kwa mtu mwenye uso wa msiba kijisanduku kisichozidi kiganja, na ndani yake mna arusi za ukoo mzima, watoto walipotoka jandoni, na pengine sura ya pekee iliyobaki ya marehemu mama.

Zamani picha ilikuwa karatasi. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930, kazi yake ilishikika kwa mkono, na ikiingiwa na unyevu au mchwa, jicho liliuona uharibifu ukianza. Diski ya siku hizi huficha maradhi yake. Jana ilifunguka, leo iko kimya, na mwenyewe hana la kusema ila kwamba hakuigusa.

Ustadi wa fundi huyu huanzia sikioni. Ndani ya diski za kuzunguka mna sahani nyororo ziendazo, aghalabu, mizunguko 5,400 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kimeelea kwa mwanya mdogo kuliko unene wa unywele. Basi diski ikianguka sakafuni, au umeme ukikatika ghafula katikati ya kazi, kichwa chaweza kugusa kisipopaswa kugusa. Fundi huichomeka, huinamisha kichwa, na akisikia mlio wa tak, tak, tak, huuchomoa waya mara moja, kwa sababu kila mzunguko wazidi kukwangua kile anachotafutiwa mteja. Mjinga huifungua papo hapo chini ya feni, vumbi likaingia. Mjuzi husema, pasipo kuona haya, kwamba hii imezidi vyombo vyake na yahitaji chumba kisicho na vumbi. Mimi huhesabu kukiri huko kuwa nusu ya elimu yake.

Walakini diski nyingi haziji na kishindo. Huja zimetulia, na kompyuta hudai zifomatiwe kwanza ndipo zifunguke, na mwenye mali, kwa haraka yake, alikuwa karibu kukubali. Hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii: katika diski ya kuzunguka, faili likifutwa, kinachoondoka kwanza ni kumbukumbu ya mahali lilipo, kama mtu aliyechana fahirisi ya kitabu akaziacha kurasa. Kurasa hizo hudumu mpaka yaandikwe mengine juu yake; kwa hiyo fundi haandiki kitu humo. Huinakili diski nzima, kipande kwa kipande, ikiwa pamoja na vipande vinavyoonekana vitupu, kisha huiweka ile ya asili kando na kufanya kazi juu ya nakala. Programu kama PhotoRec, aliyoitunga Christophe Grenier na kuitoa bure kwa walimwengu, hupita humo ikitafuta alama: picha ya aina ya JPEG huanza kwa FF D8 na kukoma kwa FF D9. Mara nyingine picha iliyotawanyika hurudi nusu, bwana arusi akawa na kofia na macho, na kutoka puani kushuka chini ni kijivu kitupu.

Wengi humshukuru fundi hapo, wakaondoka. Kwa maoni yangu, kazi iliyo bora ndiyo kwanza inaanza, maana picha zilizofufuliwa kwa njia hii hurudi bila majina, maelfu kwa maelfu, zikiwa na tarakimu tupu. Kamera huandika tarehe ndani ya picha, lakini ni wangapi waliorekebisha saa ya kamera yao? Na zilizopitia WhatsApp, tarehe hiyo huwa imekwisha ondolewa. Ndipo fundi hugeuka mwanahistoria: nyuma ya bibi arusi huona magunia ya korosho, akajua kwamba ni msimu wa mavuno, takriban kati ya Oktoba na Disemba, kisha huuliza, huyu mtoto aliyebebwa sasa yuko darasa la ngapi, na mwaka hupatikana. Folda huipa jina kwa kutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha shughuli, ili kompyuta izipange yenyewe. (Sipendi kabisa folda iitwayo “picha mpya”, nimeiona jirani yake iitwayo “picha mpya zenyewe”.)

Fauka ya hayo yote kuna amana. Katika nchi ya Wamakonde, mambo ya unyago si ya kila jicho, na fundi mwanamume mwenye adabu, akiiona sherehe ya namna hiyo ikitokeza kwenye kioo, humwachia kiti mama mwenye diski achambue mwenyewe, wala habakizi nakala kwake.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ameeneza kanuni ya kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Hilo la umbali watu wa Mtwara hawahitaji kufafanuliwa: mnamo Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikielekea pwani hii kabla ya kuipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, watu walihimizwa kuhama, na diski mbili zilizo katika kabati moja zingezama pamoja.

Basi, msomaji, ikiwa una diski moja tu, nunua ya pili pesa ya korosho ingali mkononi, umpelekee nduguyo wa Newala au Masasi akuwekee. Na fundi akikutajia ujira wake, mlipe bila kumpunja.