Salamu ya Watalii
Wimbo Jambo Bwana wa Them Mushrooms, uliotolewa Kenya mwaka 1982, una mahadhi mepesi yenye kupendeza, na ndiyo maana ukaenea katika mahoteli ya pwani. Kasoro yake i katika salamu yenyewe. Mswahili huuliza hujambo, akajibiwa sijambo. Wakiwa wengi, hamjambo na hatujambo. Viambishi hivyo humtaja mwenye kuamkiwa na kukanusha kuwa ana jambo la kumsumbua. “Jambo” tupu halimtaji mtu wala halikanushi kitu. Kosa hili lilikuwako tangu Kisetla cha walowezi. Wimbo umelifanya kuwa adabu ya biashara. Mhudumu humwambia mgeni “jambo”, kisha humgeukia mwenziwe kwa “hujambo”. Na mgeni, hata akirudi mwaka wa pili, hafunzwi tofauti.