Ratiba Kabla ya Nepi

Mume akipatwa na ugonjwa wa kusahau, mke hustahimili mengi: maswali yaleyale kutwa nzima, funguo zilizotumbukizwa kwenye pipa la unga, usiku usiolalika. Siku mzee anapoanza kujikojolea ndipo nyumba hufungwa. Wageni hawakaribishwi, ibada inaachwa, na hata watoto hawaambiwi. Aibu hiyo inawaumiza wawili bila sababu, kwa kuwa sehemu kubwa ya tatizo hili ina mpangilio, na chenye mpangilio hupangika.

Tuanze na chanzo. Ikiwa hali imezuka ghafla, ndani ya siku chache, usiulaumu ugonjwa wa kusahau. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo, sukari iliyopanda au tezi dume iliyovimba. Mpeleke hospitali ya Mama Lucy Kibaki au kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa umebeba dawa zake zote mfukoni. Dawa za presha zinazoongeza mkojo zinaweza kuchangia. Donepezil, anayopewa kwa ajili ya kumbukumbu, huweza kuchokoza kibofu. Nayo oxybutynin, inayotuliza kibofu, huweza kumzidishia mkanganyiko. Daktari asipoziona zote pamoja, dawa moja itatibu madhara ya nyingine.

Ikiwa hali imekuja polepole, basi mara nyingi kibofu bado kinafanya kazi. Kilichokatika ni mnyororo wa hatua: kuitambua haja, kukumbuka choo kilipo, kufika, kufungua mshipi, kuketi. Tafuta hatua iliyokatika, uitengeneze hiyo.

Kwa wengi wa Eastlands ya Nairobi, hatua hiyo ni safari yenyewe. Mradi wa makazi wa Dandora, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 1975, ulipanga viwanja 6,000, kila kimoja na choo na bafu lake. Baadaye wenye viwanja walijenga vyumba vya kupangisha kuzunguka ua, na choo cha familia moja kikawa cha ploti nzima. Tuseme mzee analala chumba cha mwisho: saa nane usiku atafungua komeo, atavuka ua gizani, kisha achuchumae kwa magoti yanayouma. Mtaa wa Buruburu, choo ni cha familia, lakini nyumba nyingi zina ngazi. Huko, kitanda kihamie ghorofa kilipo choo.

Kwenye ploti, choo kije chumbani. Fundi wa Kariobangi Light Industries anaweza kuchomelea kiti imara cha chuma chenye tundu, ndoo ikae chini yake. Kipakwe rangi inayotofautiana na sakafu na ukuta, kwa sababu macho ya mgonjwa hupoteza kitu cheupe mbele ya ukuta mweupe. Taa ndogo iwake usiku kucha. Suruali ya mshipi na zipu ibadilishwe kwa ile ya mpira kiunoni.

Kisha ratiba. Kwa siku tatu, andika saa anazokunywa, anazokojoa na anazolowana. Utaona saa zinazojirudia. Mwahi kabla ya hizo. Pasipo dalili ya wazi, anza na kila saa mbili. Ukimuuliza kama anataka kwenda, huenda akakataa. Mwambie tu, “Baba Wanjiru, simama twende,” umshike mkono. Baada ya staftahi tumbo huamka, kwa hiyo mketishe ndani ya nusu saa. Usimnyime maji: mkojo mzito huwasha kibofu, na choo kikifunga hukibana. Kinachopunguzwa ni chai ya jioni.

Nepi zifuate hapo, hasa za usiku na safari. Fanya hesabu: nepi nne kwa siku ni 120 kwa mwezi. Shilingi 2,000 za mwezi anazopewa mzee na mpango wa serikali wa Inua Jamii zikigawanywa hivyo, kila moja inapata chini ya shilingi 17, na bei ya dukani huizidi hiyo mara kadhaa. Taulo za mitumba za soko la Gikomba, zikikunjwa juu ya nailoni inayofunika godoro, huokoa fedha nyingi. Kila akilowa, msafishe, mkaushe kwa kugusagusa bila kusugua, umpake mafuta ya mgando. Wekundu usioondoka kiunoni au makalioni ni dalili ya kidonda; muone muuguzi mapema.

Maji ya mgao yanataka akiba: jerikani moja isiguswe kwa kazi nyingine. Suuza mashuka kwanza kwa maji baridi. Usimwage dawa ya klorini kama Jik juu ya mkojo, maana vikichanganyika hutoa gesi yenye sumu, na chumba ni kidogo. Mama fua aambiwe ukweli, apewe glavu, alipwe zaidi.

Mwisho, zamu. Katika jamii zetu nyingi binti au mkwe hamuoni baba uchi, na heshima hiyo isitumike kumtwisha mama mzigo wote. Mwana wa kiume amwogeshe baba; binti asimamie dawa, fedha na ufuaji; jirani akae naye mama aende ibadani. Alzheimer's and Dementia Organization Kenya huwakutanisha wanaouguza. Anayeamka usiku kila siku bila mbadala atakuwa mgonjwa wa pili, na hapo hakuna ratiba itakayofuatwa. Watoto wakiitwa leo, waambiwe jambo lenyewe kwa jina lake, na kila mmoja aondoke na usiku wake wa zamu.